Mota ya Pampu Kati ya Joto na Maji

Kila masika nikipita mitaa ya Mbezi na Kigamboni, Dar es Salaam, naona kitu kilekile: pampu ya maji iko nje, pembeni ya tenki la chini, imevikwa mfuko wa nailoni na kufungwa kwa mpira wa tairi la baiskeli. Mwenye nyumba amefanya hivyo kwa nia njema, mvua isiingie kwenye mota. Miezi michache baadaye pampu ileile iko mezani kwa fundi wa kusuka mota, yaani kuizungushia waya mpya, imefunguliwa, koili zake nyeusi tii, na harufu ya vanishi iliyoungua imejaa kibanda kizima.

Jirani yangu alipitia hayo mara mbili ndani ya mwaka mmoja. Mara zote aliambiwa maneno yaleyale: imeungua, umeme wa siku hizi mbaya. Akalipa, ikasukwa, ikarudi, akaivika nailoni. Neno "imeungua" linamweleza mtu matokeo tu. Halimwambii kilichoiunguza, na bila kujua hilo mota ya pili itaifuata ya kwanza.

Ugumu wa jambo hili ni kwamba joto na unyevu hupigania sehemu moja ya mota, na dawa ya kimoja mara nyingi ni sumu ya kingine. Ukiifunika mota isilowe, umeizuia isipoe. Ukiiacha wazi ipate upepo, umeiachia mvua na umande. Ili kuona namna ya kutoka hapo lazima kwanza tuingie ndani ya mota.

Koili ni waya wa shaba uliozungushwa mamia ya mara ndani ya chuma. Ukiutazama utadhani ni shaba tupu inayong'aa, lakini umepakwa vanishi maalumu, ganda jembamba kuliko unywele wa kichwani. Ganda hilo ndilo linalozuia umeme usiruke kutoka mzunguko mmoja wa waya kwenda wa jirani yake, au kutoka kwenye waya kwenda kwenye bodi, yaani chuma cha nje cha mota. Shaba huyeyuka kwenye nyuzi joto 1,085, na mota haifiki huko wakati wowote wa kazi yake ya kawaida. Kinachokufa ni ganda.

Kwenye kibati cha maelezo kilichopigwa ubavuni mwa mota, tafuta herufi B, F au H. Hiyo ndiyo daraja la ganda: B linavumilia nyuzi 130 ndani ya koili, F nyuzi 155, H nyuzi 180. Mahesabu hayo yamefanywa kwa kudhani hewa ya nje haizidi nyuzi 40 na mota haiko juu ya mita 1,000 kutoka usawa wa bahari. Kisha kuna kanuni ya zamani ambayo mhandisi yeyote wa mota anaijua: kila nyuzi 10 zinazozidi juu ya kikomo, umri wa ganda hupungua kwa nusu hivi. Ganda ambalo lingeishi miaka 20, likizidishiwa nyuzi 20 siku zote, linabaki na miaka 5. Ndiyo maana mota nyingi haziungui siku ile zinapoonewa. Zinakaangwa polepole, ganda linakauka na kupata nyufa ndogo, halafu siku moja ya kawaida kabisa zinazima.

Na hapo ndipo unyevu unapoingilia. Ganda zima lisilo na ufa linaweza kupata umande kidogo likakauka bila madhara makubwa. Ganda lililopasuka kwa joto linapokea maji ndani ya nyufa zake. Maji yakiwa na vumbi au chumvi ya pwani yanapitisha umeme, umeme unaovuja unachoma zaidi palipochomeka, na mzunguko mmoja wa waya unagusana na mwingine. Ukimwona fundi anakuonyesha sehemu moja nyeusi kwenye koili wakati sehemu nyingine bado zina rangi nzuri, mara nyingi ni hadithi hiyo. Kama koili yote imekuwa nyeusi sawasawa, mota ilivuta umeme mwingi kupita kiasi kwa muda. Mwombe fundi akuonyeshe kabla hajaikata. Ni dakika moja tu, na ina thamani kuliko risiti.

Joto lenyewe linatoka wapi? Sehemu kubwa inatoka kwenye mkondo unaopita ndani ya koili, na haliongezeki sambamba na ampea. Linakwenda kwa mraba: ampea zikizidi kwa asilimia 10, joto la koili linazidi kwa asilimia 21. Wakati wa kuwaka, mota huvuta mara 5 hadi 8 ya ampea zake za kawaida. Ikivuta mara 6, koili inazalisha joto mara 36. Kwa nusu sekunde hilo ni jambo dogo. Ikikwama ikinguruma bila kuzunguka, kwa sababu kapasita (kifaa kinachoisaidia mota kuanza kuzunguka) imechoka au impela (gurudumu linalosukuma maji) imeshikwa na kutu, basi kila sekunde ni ya hatari.

Hili linatuleta kwenye waya, mahali ambapo pesa nyingi za watu hupotea bila wao kujua. Chukua pampu ya hospawa moja inayovuta kama ampea 5.5 kwenye volti 230. Kisima kiko mita 100 kutoka nyumbani, na ili kupunguza gharama umevutwa waya wa 1.5, yaani milimita za mraba 1.5. Kwenda na kurudi ni mita 200 za shaba, zenye ukinzani wa kama omu 2.3. Pampu ikishazunguka, volti 13 hivi zinapotea njiani, na hilo linavumilika. Lakini sekunde ya kuwaka, kwa hesabu ya haraka, ampea 27 (karibu mara 5 ya 5.5) zinapoteza volti zaidi ya 60. Mota inayohitaji 230 inapata 170, na kwa kuwa nguvu yake ya kujizungusha nayo huenda kwa mraba wa volti, inabaki na nusu tu ya nguvu ya kuanzia. Inasitasita, inanguruma, inachelewa kushika mwendo, na muda wote huo koili inapikwa. Ukivuta waya wa 4 badala yake, upotevu wa kuwaka unashuka hadi volti 24 hivi. Sasa ongeza hali ya saa moja usiku, mtaa mzima umewasha vitu na umeme unaofika kwenye mita yako ni volti 200 tu. Wa 1.5 huenda usiiamshe pampu hiyo. Kwa hiyo kabla ya kuulaumu umeme, pima volti kwenye kiboksi cha nyaya cha pampu yenyewe, pampu ikiwa inawaka. Kipimo cha kwenye soketi ya sebuleni hakikuambii kitu.

Sababu nyingine nitazitaja kwa haraka. Tenki la presha lililoishiwa hewa, au bomba linalovuja, hufanya pampu iwake na kuzima kila baada ya sekunde chache, na kila kuwaka ni ile mara 36. Kisima kikikauka au tenki la chini likiisha, pampu inayozunguka kavu inaunguza sili ya shafti, yaani kizibo kinachozuia maji yasifuate mhimili wa mota, kwa sababu ni maji yanayoilainisha na kuipoza. Floti swichi, swichi inayoelea na kukata umeme maji yakishuka, ndani ya tenki la chini inazuia hilo. Mashambani na kwenye shule, ambako pampu ni za fezi tatu, fezi moja ikikatika mota iliyo kwenye mwendo mara nyingi haisimami: inaendelea kuzunguka kwa fezi mbili zilizobaki huku kila moja ikivuta karibu mara 1.7 ya kawaida. Kwa mota hizo kifaa kinachokata umeme fezi ikipungua ni cha lazima.

Mlinzi wa mota dhidi ya mkondo uliozidi ni ovalodi. Sakiti breka peke yake haitoshi, maana kazi yake ni kulinda waya usishike moto, na itaiacha mota ivute ampea 8 badala ya 5.5 mpaka iive. Ovalodi inakadiria joto la mota kwa kipande cha metali mbili kinachojikunja kadiri mkondo unavyozidi. Ina kijirungu cha kupangia ampea, na kinapaswa kukaa kwenye ampea zilizoandikwa kwenye kibati. Nimekuta nyingi zimepandishwa hadi mwisho "ili isiwe inakatakata". Ovalodi inayokata inakupa habari kwamba kuna jambo. Kuipandisha ni sawa na kumtuliza mtoto mwenye homa kwa kuvunja kipimajoto. Pampu ndogo nyingi za nyumbani zina kinga ya joto ndani ya koili, inayozima na kuwasha yenyewe mota ikipoa. Pampu yako ikiwa na tabia ya kufa kwa dakika 20 kisha kufufuka bila kuguswa, inalia. Isikilize. Na usiiguse wakati imezima kabla hujakata umeme kwenye swichi kubwa, kwa sababu itarudi bila kukuuliza.

Jambo moja kuhusu mkono. Watu hugusa bodi ya mota na kusema inaunguza, basi mbovu. Mkono wa mtu hauvumilii zaidi ya nyuzi 60 hivi, na bodi ya mota nzima ya daraja F inaweza kufika nyuzi 70 au 80 ikiwa kazini na isiwe na tatizo. Kinachotakiwa ni kujua joto la kawaida la mota yako na kushtuka likibadilika. Kipimo cha kweli ni klampu mita, ile inayobana waya na kusoma mkondo: ampea zinazovutwa zilingane na za kibati au ziwe chini.

Sasa unyevu. Wengi huuwaza kama mvua inayopiga kutoka juu. Mvua ni adui anayeonekana, na mota nyingi za nje zimeandaliwa kwa ajili yake. Kwenye kibati kuna herufi IP na tarakimu mbili. Ya kwanza ni ya vumbi na vitu vigumu, ya pili ni ya maji. IP44 inastahimili maji ya kurukia kutoka pande zote. IP55 inastahimili hata maji yanayorushwa kwa mpira wa maji. IP68 ni ya kukaa majini muda wote. Lakini tarakimu hizo zinashika tu kama glandi ya kebo (kifungio pale kebo inapoingia) imekazwa, mpira wa kiboksi cha nyaya uko mahali pake, na skrubu zote nne zipo. Nikifungua pampu zilizokwisha kutembelewa na mafundi kadhaa, ni nadra kukuta skrubu zote nne. Kebo nayo iingie kutoka chini, ikiwa imeachiwa mkunjo unaoning'inia kabla ya kupanda kwenye glandi, ili matone yadondoke kwenye mkunjo badala ya kufuata waya hadi ndani.

Adui asiyeonekana ni pumzi ya mota yenyewe. Mota ikifanya kazi inapata joto, hewa ya ndani inatanuka na kutoka kwenye vijipenyo. Ikizimwa inapoa, hewa inajikunja, na mota inavuta hewa mpya kutoka nje. Pwani yetu hewa hiyo imejaa mvuke, na usiku chuma kinapopoa mvuke unageuka umande juu ya koili. Kesho inarudia. Pampu inayofanya kazi saa moja kwa siku na kulala saa 23 inalowa kuliko inayofanya kazi kutwa, jambo ambalo watu huona ajabu wakiambiwa. Mota inayofanya kazi inajikausha. Hii ndiyo sababu pampu ya akiba iliyokaa miezi sita bila kuguswa hufa siku ya kwanza ya kuitwa kazini. Iwashe japo robo saa kila wiki, ikiwa na maji.

Watengenezaji wanalijua hilo, ndiyo maana mota nyingi zina tundu dogo sehemu ya chini kabisa, la kutolea umande. Tundu hilo huzibwa na rangi, na matope, na mavu wanaojenga ndani yake, au na silikoni ya mtu anayedhani ameona kasoro ya kiwandani. Mota iliyozibwa kote haiwi kavu. Bado inapumua kupitia shafti, ila sasa haina pa kutolea jasho.

Njia ya tatu ya maji ni sili. Ikichakaa, maji ya pampu yanafuata shafti kuelekea kwenye beringi ya mbele. Kati ya pampu na mota kuna nafasi wazi ambamo matone yanapaswa kudondokea nje. Ukiona pale pamelowa au pana mstari wa kutu, badilisha sili wiki hiyohiyo. Ukingoja, utanunua sili, beringi mbili na kazi ya kusuka.

Basi nailoni inafanya nini? Feni ya mota iko nyuma, ndani ya kofia yenye matundu. Inavuta hewa kutoka nyuma na kuisukuma juu ya matuta ya bodi, na matuta hayo yapo ili kuongeza eneo la kupoa. Nailoni inaziba matundu na kuirudishia feni hewa ileile ya moto. Usiku inafungia mvuke ndani, ukidondoka juu ya mota kama maji kwenye kifuniko cha sufuria. Yaani inaleta vyote viwili, moto mchana na maji usiku. Kinachohitajika ni paa lisilogusa mota: nguzo nne na bati lililo juu ya kichwa cha pampu, kuta zenye matundu au wavu pande mbili zinazotazamana ili upepo upite, na nafasi ya angalau shibiri moja nyuma ya feni. Pampu ikae juu ya jukwaa la zege lililoinuka kuliko mahali ambapo maji yalifika masika iliyopita. Kibanda kidogo cha bati kilichofungwa pande zote ni nailoni ya namna nyingine. Jua la saa nane mchana linaipitisha hewa ya humo nyuzi 40 bila shida. Na walio na pampu shimoni ili kuukaribia usawa wa maji wakumbuke kwamba shimo bila njia ya kutolea maji ni kisima kingine.

Pampu za kuzamishwa kwenye visima virefu zina kanuni zake, na hapa kuna kosa ambalo halijulikani sana. Mota ile hupozwa na maji yanayopita ubavuni mwake yakielekea kwenye mdomo wa pampu ulio juu yake. Kukaa ndani ya maji hakutoshi. Maji lazima yatembee. Kwa mota ya inchi 4, mwendo unaopendekezwa ni angalau sentimita 8 kwa sekunde. Ukiiweka mota hiyo kwenye kisima chenye bomba la inchi 6, inabidi pampu itoe kama lita 3,000 kwa saa ili kuufikia mwendo huo. Pampu inayotoa lita 1,500 itaishi katika maji yanayotembea polepole mno, mota ikijipasha kama birika. Vivyo hivyo ukiitundika kwenye kisima kipana cha kuchimba kwa mikono au ndani ya tenki, au kama maji ya kisima yanaingilia juu ya pampu, kwa kuwa yatakwenda mdomoni moja kwa moja bila kuipitia mota. Dawa ni shati: bomba la plastiki linalovishwa juu ya mota, limezibwa juu ya mdomo wa pampu na wazi chini, ili maji yote yalazimike kupita ubavuni mwa mota. Wala isishushwe hadi chini kabisa, kwani tope likiifunika mota haipati maji ya kuipoza hata kidogo.

Mota ikizama kwenye mafuriko, kosa kubwa ni kuijaribu "kama bado nzima". Kata umeme, ifungue. Iliyoingiwa na maji ya bahari au tope isafishwe kwanza kwa maji baridi safi, kwa sababu chumvi ikikaukia ndani itavuta unyevu maisha yote. Kisha ikaushwe polepole, nyuzi 80 hadi 90, kwa saa nyingi, ikiwa na nafasi ya mvuke kutoka. Wasio na tanuri hutumia sanduku lenye balbu za zamani za wati 100, na zinafanya kazi. Moto wa mkaa chini ya koili haufai. Beringi zibadilishwe bila mjadala.

Kujua kama imekauka kunahitaji mega, kifaa kinachosukuma volti 500 kati ya koili na bodi na kusoma ukinzani wa ganda. Mita ya kawaida ya mkononi inatumia volti chache za betri, haiwezi kulifichua ganda lililolowa. Chomoa kapasita na vifaa vyote vya kielektroniki kabla ya kupima. Mota ndogo ya kisasa iliyo salama inapaswa kusoma megaomu 5 au zaidi, na iliyokauka vizuri husoma makumi au mamia. Chini ya 1 usiiwashe. Na ujue kwamba mota ya moto husoma chini kuliko ya baridi: kila nyuzi 10 zinazoongezeka, kipimo kinashuka kwa nusu. Linganisha na kipimo chako cha zamani cha joto hilohilo. Hata ikisoma vizuri, waya wa athi uwepo na breka ya uvujaji ya miliampea 30, inayokata umeme unapovuja, iwepo. Mota iliyolowa inaua watu, na pampu huguswa na watoto wenye ndoo na miguu mitupu.

Ikibidi kusuka, uliza koili za zamani zinatolewaje. Wengine huichoma mota kwa moto wa wazi ili vanishi iachie. Chuma cha ndani kimepangwa kwa mabati membamba yaliyotengwa kwa kemikali. Joto likipita nyuzi 370 hivi utengano huo unaharibika, na mota inatoka kwa fundi ikiwa mpya kwa macho lakini inapata joto zaidi kuliko zamani, hata kwa ampea zilezile.

Jirani yangu alinunua mota ya tatu. Ilikuwa na miezi mitatu aliponiita, tayari imevikwa. Kwenye kiboksi cha nyaya tulipima volti 188 ikiwa inawaka. Tukabadilisha waya, tukainua nguzo nne na bati. Kisha tukakata umeme, nikapapasa chini ya bodi nikitafuta tundu. Lilikuwepo, limepakwa rangi. Nilipolizibua kwa waya mwembamba yakatoka maji ya kahawia, yapata nusu kikombe cha kahawa. Mega ikasoma megaomu 2. Tuliifungua, ikakaa siku mbili kwenye sanduku la balbu, ikasoma 60. Sasa kila mwanzo wa vuli na mwanzo wa masika anakuja kuazima mega, na anaandika namba ukutani kwa penseli, karibu na swichi.